Ukishaumwa, Umechelewa Kukata Bima

Kila mjadala wa bima ya afya kwa wote unapopamba moto, swali ni lilelile: kama siumwi, hela yangu inakwenda wapi, na kwa nini nisisubiri niumwe ndipo nikate kadi? Wanaouliza si wajinga. Ni mafundi, wafanyabiashara, hata wahitimu wa vyuo, wanaojua fika kwamba gari likishapinduka halikatiwi bima. Wakifika kwenye miili yao, hesabu hiyo inawatoka. Basi tuipige tena, polepole.

Chukua mtaa wa watu 1,000, kila mmoja achangie shilingi 50,000 kwa mwaka. Mfuko una milioni 50. Wakilazwa 40, kila mmoja kwa milioni moja, zinatumika milioni 40, na zilizobaki zinahudumia wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Sasa leta ile hiari inayodaiwa kila siku: wanajiunga 100 tu, na kwa kuwa kila mtu anaujua mwili wake, wale 40 wote wamo. Mfuko unakusanya milioni tano na kudaiwa milioni 40. Ili usife, mchango upande hadi 400,000. Wale 60 wazima wakiisikia bei hiyo wanajitoa, na 40 waliobaki watatakiwa kulipa milioni moja kila mtu, yaani bili ileile waliyokuwa wakiikimbia. Hakuna aliyeiba hata senti, na bima imekufa.

Anayedhani hiyo ni hesabu ya ubaoni aitazame Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) wa Tanzania ulimpa kadi mtoto wa chini ya miaka 18, na mzazi aliweza kumwandikisha mtoto mmoja mmoja. Mwenye watoto wanne angeweza kumkatia yule mwenye selimundu, watatu wazima wakabaki nje. Mwaka 2023 mfuko ulisitisha utaratibu huo na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, ukieleza kwamba wengi waliokuwa wakiandikishwa walikuwa tayari wagonjwa. Wazazi walilalamika, na kwa haki, maana mtoto mgonjwa hana kosa. Ila dawa ya tatizo lile haikuwa kumfungia mlango mgonjwa, bali kuwaingiza wazima. Rwanda iliamua hivyo mapema: kujiunga ni lazima kisheria, kaya huchangia kwa pamoja, na serikali huwalipia masikini wa kutupwa.

Hapo huja pingamizi mbili. Ya kwanza: mama lishe na bodaboda watatoa wapi? Wengine hawawezi kabisa, na hao walipiwe kwa kodi. Ulazima usio na fungu la wasio na uwezo ni kodi ya kichwa tu. Ya pili ina uzito zaidi: nichangie nini, wakati nikifika dirishani naambiwa dawa hakuna, kanunue nje? Malalamiko hayo ni ya kweli, na kadi isiyotoa dawa ni karatasi. Lakini hayamtetei anayesubiri kuumwa. Siku akiumwa bila kadi atanunua dawa ileile, tena juu yake atalipia kitanda, vipimo na upasuaji.

Cha kufanya hakihitaji semina. Mwenye mshahara, hakikisha mwajiri anawasilisha makato, maana kukatwa si kuwasilishwa. Usiye na ajira rasmi, ingiza kaya nzima mkiwa wazima, usichague wa kumkatia, na uliza mapema kifurushi kinaacha nini nje. Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilianza kazi Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya, kwa hiyo jaza taarifa za kweli, na ukipangiwa mchango usiolingana na kipato chako, kata rufaa. Ukiambiwa dawa hakuna, dai uandikiwe hivyo, kisha upeleke maandishi hayo kwenye mfuko wako.