Simsim ya Sauti

Paukwa! Sijasikia. Paukwa! Ehe, sasa kaeni vizuri.

Huku Kililana, bara ya Lamu, mnaijua simsim. Punje yake ni ndogo hata upepo wa kusi huipeperusha kiganjani kabla hujafunga vidole. Leo punje hiyo iwe ni sauti ya bibi yako. Ameshaswali Magharibi, amekaa mkekani, anakughania utenzi aliofunzwa na mamake, nawe umemwekea maiki ili umrekodi. Sauti yake ni ya chini. Utenzi wa mkekani haupigiwi kelele.

Ndani ya maiki mna utando mwembamba, kama ngozi ya ngoma. Sauti ya bibi ikiutikisa, unatoka umeme. Umeme kiasi gani? Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Maiki ya sumaku, ile ya majukwaani, ukiiweka shubiri moja unusu kutoka mdomoni mwa mtu anayesema kwa upole, hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya milivolti. Ungeuzidisha umeme huo zaidi ya mara 10,000 ndipo ulingane na ile betri.

Chombo cha kwanza kuupokea na kuukuza ndicho kinachoitwa priampu. Mara nyingi kimejificha ndani ya kisanduku kinachochomekwa kwenye kompyuta, au ndani ya mikisa ya harusini, kwa hiyo watu hukitumia miaka na miaka bila kukijua kwa jina.

Sasa nipeni masikio, maana hapa ndipo penyewe. Waya wowote una kelele yake hata ukiwa kimya: joto huzifanya chembe za umeme zitapetape, na kutapatapa huko tukikukuza hulia shhhh. Priampu hafifu huongeza shhhh yake juu ya hiyo. Rudini shambani. Ukipanda simsim iliyochanganyika na mbegu za magugu, mvua haichagui, inaotesha vyote. Kukuza sauti ndiyo mvua. Kelele iliyoingia mwanzoni inakuzwa pamoja na bibi, mara elfu na zaidi, na hakuna chombo cha mbele kitakachoipalilia bila kung'oa na simsim yenyewe. Priampu nzuri huongeza kelele kidogo mno, hata inakaribia ule mpaka wa joto ambao fundi yeyote hawezi kuuvuka.

Lamu inalijua jambo hili tangu zamani. Mashairi ya huku yalisafiri sana kwa kaseti, yakiwemo ya Ustadh Mahmoud Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka 1952. Kaseti ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, na kila mara shhhh ikazidi. Vina na mizani vilibaki. Vilivyofifia ni vile vidogo: msomaji anavyovuta pumzi kabla ya ubeti, sauti inavyolegea mwisho wa mshororo. Mimi naviona vidogo hivyo kuwa ndiyo nafsi ya msomaji, na inaniuma vinapopotea.

Udi nao, ile ala ya nyuzi, una mtihani wake. Ukidonolewa kwa nguvu, umeme huruka ghafla. Priampu isiyo na nafasi ya juu, au uliyoifungulia kupita kiasi, hukata vilele vya mawimbi, na mlio unakwaruza. Ukishakwaruza, umekwaruza.

Kisha kuna mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde na hupenda kujipenyeza kwenye nyaya ndefu. Waya mzuri wa maiki una njia mbili zinazobeba sauti ile ile, moja kinyume cha nyingine. Priampu hutazama tofauti kati yao tu. Mvumo ulioingia sawasawa kotekote hauna tofauti, basi unafutika.

Zipo pia maiki za kondensa, ambazo hazifanyi kazi bila kulishwa umeme, na mara nyingi mlishaji ni priampu hiyo hiyo, kwa volti 48. Kwa nini 48? Mwaka 1966 redio ya taifa ya Norway ilitaka maiki za Neumann zitumie umeme wa taa za dharura uliokuwemo tayari studioni mwao. Ulikuwa volti 48, na dunia ikaifuata.

Lakini sitawadanganya. Priampu ya bei kubwa haimtengi bibi na punda anayelia nje, wala na jenereta ya jirani. Visanduku vya bei nafuu vya siku hizi vingi vinatosha. Kusogeza maiki ni bure: ukiupunguza umbali kwa nusu, umeme wa sauti unakaribia kuongezeka maradufu, na shhhh ya priampu inabaki pale pale.

Basi usiku wa leo, kabla bibi hajaanza, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba chenu, uisikilize kwa hedfoni. Ukisikia shhhh, sogeza maiki, punguza kukuza, usikilize tena. Kisha mwambie bibi aanze.