Silaha za Nyuklia Hazilali Ghalani



Wengi wetu tunaposikia kwamba taifa fulani lina akiba ya silaha za nyuklia, fikira zetu huenda kwenye ghala: mlango wa chuma, kufuli, askari mlangoni, na ndani yake mabomu yaliyopangwa yakingojea siku ambayo kila mwenye akili anaomba isifike. Picha hiyo ni nusu tu ya ukweli. Bomu la nyuklia halikai ghalani kama jembe. Huchakaa, na sehemu zake hupoteza nguvu. Taifa linalotaka kuendelea kuwa nalo halina budi kuwa na viwanda, maabara na maelfu ya wafanyakazi wa kulitunza mwaka hata mwaka. Leo tuitazame Marekani, tuone kazi hiyo ni kazi gani, na inatuambia nini juu ya ahadi za kupunguza silaha.

Bomu la nyuklia la zama hizi lina kiini cha plutoniamu kilichozungukwa na baruti kali, lina sehemu nyingine yenye uraniamu, na hutiwa gesi iitwayo tritiamu ili kuuongezea mlipuko nguvu. Gesi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kwa hiyo haina budi kutiwa upya, na kazi hiyo hufanyika Savannah River, katika jimbo la South Carolina. Sehemu za uraniamu hushughulikiwa katika kiwanda cha Y-12, mjini Oak Ridge, Tennessee. Vifaa vingi visivyokuwa vya nyuklia hutoka Kansas City. Wataalamu wanaobuni silaha zenyewe wako Los Alamos, Livermore na Sandia.

Njia hizo zote hukutana Pantex, kiwanda kilicho karibu na mji wa Amarillo, jimbo la Texas. Kilijengwa mwaka 1942 kwa ajili ya mabomu ya kawaida ya Vita Kuu ya Pili, na tangu mwaka 1951 kimeshughulika na silaha za nyuklia. Hapo ndipo mahali pekee nchini Marekani ambapo silaha hizo huunganishwa, hufunguliwa kwa ukaguzi, na huvunjwa zinapoondolewa katika akiba. Baadhi ya kazi hizo hufanyika katika vyumba vya mviringo ambavyo juu yake pamerundikwa changarawe nyingi. Baruti ikilipuka kwa ajali, paa huporomoka na kuizika sumu ya plutoniamu isitoke. Paa hilo ni kinga ya walio nje. Aliye ndani hakuwekewa kinga hiyo.

Zamani, serikali ilipotaka kujua kama mabomu yake yangali mazima, ililipua mengine. Marekani ilifanya majaribio 1,054, na la mwisho lilikuwa tarehe 23 Septemba 1992, katika jangwa la Nevada. Tangu hapo wataalamu wake wamekuwa wakitumia kompyuta zenye nguvu kubwa na mitambo ya miale ya leza. Desemba 2022 mtambo wa Livermore ulisifiwa duniani kote kwa kupata kutokana na muungano wa atomu nishati iliyozidi ile ya miale iliyolenga shabaha. Magazeti yaliandika juu ya umeme wa kesho. Machache yalikumbusha kwamba mtambo huo ulijengwa hasa kwa ajili ya kutunza akiba ya mabomu.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo uliwapata wenye mabomu. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Y-12 kilikuwa kikitengeneza kitu cha siri kilichoitwa Fogbank, kinachotiwa ndani ya silaha ya manowari ziendazo chini ya bahari. Baadaye utengenezaji ulikoma. Wakati ulipofika wa kuzirudishia silaha hizo uhai, ilionekana kwamba hakuna ajuaye tena kukitengeneza. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza mwaka 2009 kwamba kumbukumbu zilizowekwa zilikuwa chache, na karibu wajuzi wote walikuwa wamestaafu au kuondoka. Ilibidi elimu hiyo itafutwe upya kwa gharama kubwa. Kumbe basi, hata elimu ya maangamizi yaweza kusahaulika, watu wakiamua kutoilisha.

Je, wameamua hivyo? Mwaka 1967 Marekani ilikuwa na silaha za nyuklia 31,255. Septemba 2023 zilikuwa 3,748. Hiyo ni hatua ya kweli, nayo ilitekelezwa na mikono ya wafanyakazi wa viwanda hivyo hivyo. Lakini upande wa pili nao uangaliwe. Kiwanda cha Rocky Flats, jimboni Colorado, kilichofinyanga viini vya plutoniamu, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 1989 baada ya kuvamiwa na wapelelezi wa serikali yake yenyewe kwa tuhuma za kuchafua mazingira. Mwaka 2006 wataalamu walisema viini vingi vilivyopo vyaweza kudumu miaka 85 au zaidi. Hata hivyo, sheria imeagiza vitengenezwe vipya 80 kwa mwaka, na Oktoba 2024 Los Alamos walikamilisha kiini cha kwanza cha mpango huo.

Bara letu si mgeni katika habari hii. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Tena ni katika bara hili ambapo Afrika Kusini, iliyokuwa imeunda mabomu sita, iliyavunja yote na kulitangazia bunge lake jambo hilo Machi 1993. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, umeifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha hizo.

Katika Mkataba wa mwaka 1968, mataifa yasiyo na silaha za nyuklia yaliahidi kutozitafuta, na yenye nazo yakaahidi kujadiliana kwa nia njema ili ziondolewe. Mataifa madogo yana haki ya kuuliza ahadi hiyo imefikia wapi. Jibu tusilitafute katika hotuba peke yake. Tuulize Pantex inavunja silaha ngapi na kutengeneza upya ngapi. Tuulize ni tanuru gani linazimwa na lipi linawashwa. Mwenye nia ya kuacha ugomvi haonekani akinoa panga kila asubuhi.