KUVIKINGA VIFAA VYA ELEKTRONIKI VYA HOSPITALI NA MAWIMBI YA REDIO

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanatanabahishwa kwamba redio za mawasiliano na simu za mkononi, pamoja na manufaa yake, huweza kuvuruga vifaa vya elektroniki vinavyowahudumia wagonjwa. Maelezo haya yanatolewa ili kila anayeingia hospitalini, akiwa mtumishi, mlinzi, dereva au mgeni wa mgonjwa, aijue sababu ya tahadhari anayotakiwa kuichukua.

Umeme wa moyo unaopimwa juu ya ngozi ya kifua ni mdogo mno, kiasi cha milivolti moja tu. Waya zinazotoka kwa mgonjwa hadi kwenye mashine huweza kunasa mawimbi ya redio iliyo karibu kama inavyofanya antena, na mashine ikayachukulia kuwa ni mapigo ya moyo. Matokeo yake mchoro wa moyo huchafuka, pampu ya kutilia dawa mshipani husimama, au kengele ya hatari hulia bila ya sababu. Lililo baya zaidi ni kosa lisilojitangaza, ambapo muuguzi husoma tarakimu isiyo sahihi na kuiamini.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mnamo Februari 1998, mjini Dallas, Marekani, kituo cha televisheni kilianza majaribio ya matangazo ya dijitali. Vipima moyo visivyo na waya vya hospitali moja, vilivyokuwa vikitumia masafa hayo hayo, vikavurugika. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitenga masafa maalumu kwa kazi hiyo.

Wengi hudhani kwamba simu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 1997 ulionesha vingine. Katika umbali wa mita 1, redio za watumishi wa huduma za dharura ziliathiri asilimia 41 ya vifaa vilivyojaribiwa, ilhali simu za mkononi ziliathiri asilimia 4. Redio ya mkononi aghalabu hutoa wati 4 au 5 mara tu kitufe cha kusemea kinapobonyezwa. Simu hutoa nguvu ndogo zaidi, lakini huiongeza pale mtandao unapokuwa dhaifu, kama vile ndani ya majengo yenye kuta nene.

Kiwango cha kimataifa kuhusu kinga hiyo, IEC 60601-1-2, kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kabla ya hapo hakikulazimika kukitimiza. Hata kifaa kipya kina mpaka wa ustahimilivu wake. Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni umbali: ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya uga wa mawimbi hupungua kwa kiasi cha nusu.

Kwa hivyo, inashauriwa kama ifuatavyo:

1. Walinzi, askari na madereva wa gari za wagonjwa wasizungumze kwa redio ndani ya wodi za wagonjwa mahututi wala vyumba vya upasuaji. Watoke nje kwanza.

2. Simu isiwekwe juu ya kifaa wala kitandani penye mgonjwa aliyeunganishwa na mashine. Ibaki umbali usiopungua mita 1, na izimwe pale wauguzi wanapoagiza.

3. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani aiweke simu yake umbali usiopungua sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho.

4. Idara inayokusudia kufunga mtambo wa redio karibu na hospitali ishauriane kwanza na uongozi wa hospitali hiyo.

5. Muuguzi au fundi anayeona mashine imebadilika ghafla amtazame mgonjwa kwanza, kisha aangalie ni nani aliye karibu na redio au simu, na aandike saa na mahali lilipotokea tukio hilo.

Mgonjwa aliyelala chini ya mashine hana uwezo wa kujikinga na mawimbi asiyoyaona. Kinga yake imo mikononi mwa wanaomzunguka, na ushirikiano wa kila mmoja unahitajika.