Waigizaji wanne, wahusika zaidi ya mia: hadithi ya ujasusi ambayo Ziwa Tanganyika linaijua

Mtu mmoja yuko mbioni. Polisi wanamtafuta kwa mauaji ambayo hakuyafanya, majasusi wanamtafuta kwa siri ambayo yeye mwenyewe haielewi vizuri. Jukwaani hakuna gari, hakuna treni, hakuna daraja. Kuna masanduku, viti vichache na watu wanne. Wanakaa juu ya masanduku, wanatikisa mabega, wanapepesa makoti yao, na papo hapo watazamaji wanaona treni inayokimbia kuelekea Scotland.

Huo ndio The 39 Steps, mchezo wa kuchekesha ulioandikwa na Mwingereza Patrick Barlow kutokana na riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915 na filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1935. Ulionyeshwa kwanza mjini Leeds mwaka 2005, ukahamia London mwaka uliofuata, na ukakaa katika ukumbi wa Criterion hadi 2015. Mwaka 2007 ulitunukiwa tuzo ya Olivier kama mchezo mpya bora wa kuchekesha. Hata hivyo, wazo la kuigiza hadithi yote kwa watu wanne halikuzaliwa kwenye kumbi kubwa. Lilitoka kwa Simon Corble na Nobby Dimon, ambao katikati ya miaka ya 1990 walilitayarishia kundi dogo lililozunguka kwenye kumbi za vijiji kaskazini mwa Uingereza.

Mpango wake ni rahisi. Mwigizaji mmoja ni Richard Hannay, shujaa wa hadithi, mwanzo hadi mwisho. Mwanamke mmoja anaigiza wanawake watatu. Wawili waliobaki ndio "watu wengine wote": polisi, wasafiri, wenye hoteli, majasusi, wahusika zaidi ya mia. Kofia ikibadilika, mtu amebadilika. Wakati mwingine mwigizaji mmoja ana kofia mbili na anajibizana na nafsi yake. Watazamaji wanamshangilia shujaa, lakini wakitoka nje wanawazungumzia wale wawili waliotoka jasho.

Msomaji wa Uvira atauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu mwaka ule ule Buchan alipotoa kitabu chake, ziwa letu lilikuwa na kichekesho chake cha ujasusi, tena cha kweli.

Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliotawala maji haya kwa meli zao. Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za injini kutoka London. Kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, naye akaziita Mimi na Toutou, sauti za paka na mbwa kwa lugha ya watoto wa Ufaransa. Majina hayo yakapita. Bwana huyo huyo alipenda kutembea mbele ya askari wake amevaa sketi. Boti zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, safu ile ile inayoiangalia Uvira kutoka juu, hadi zikafika Lukuga, Kalemie ya leo.

Wajerumani walisikia fununu. Mapema Desemba 1915 ofisa wao, Job Rosenthal, aliogelea gizani kwenda kuchungulia bandari ya Lukuga. Aliona alichotaka kuona, kisha akakamatwa. Akiwa mfungwa aliandika barua ya kawaida kwa wenzake, na ndani yake akaficha ujumbe wa siri ulioandikwa kwa mkojo. Barua ilifika. Ila wenzake walichukua miezi kugundua maandishi yaliyofichwa, na kufikia hapo meli ya Kingani ilikuwa imetekwa, tarehe 26 Desemba, na Hedwig von Wissmann ilikuwa imezama, tarehe 9 Februari 1916. Mwandishi wa tamthilia akibuni jambo hilo, ataambiwa amezidisha chumvi.

Na si mara moja. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kwa siri kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Fizi. Wacuba walijipa majina ya Kiswahili: Moja, Mbili, na mkubwa wao wote akawa Tatu. Novemba walirudi walikotoka, vita vyao vimeshindwa.

Lakini kwenye pwani hii neno "mpelelezi" si la mzaha. Katika miaka ya vita, mgeni asiyejulikana, lafudhi ya mtu, hata sura yake, vimetosha kumtia mashakani kizuizini barabarani. Kwa sababu hiyo wapo watakaosema mchezo wa namna hii haufai hapa. Mimi naona unafaa, kwa masharti. Hannay ni mtu asiye na hatia ambaye kila anayemwona anamdhania mbaya. Watu wa Ruzizi hadi Fizi wanaijua hali hiyo kuliko watazamaji wa London. Kinachochekwa ni wepesi wa kushuku, si aliyeshukiwa.

Namna ya kuigiza nayo si ngeni kwetu. Kule Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilichekesha kwa Kiswahili cha Katanga kwa miaka mingi. Mtaalamu Johannes Fabian alifuatilia mwaka 1986 jinsi lilivyotayarisha mchezo kuhusu madaraka: waigizaji walikubaliana juu ya kisa, kisha maneno yakatoka vinywani mwao wenyewe. Kundi kama hilo halihitaji kungoja tafsiri ya Barlow.

Tena linaweza kurekebisha kasoro ya vitabu vingi vinavyosimulia vita vya Mimi na Toutou. Humo makapteni wana majina, sketi na michoro ya mwilini. Mamia ya Waafrika waliokata miti, wakajenga madaraja na kuvuta kamba mlimani ni "wabebaji" tu. Katika mchezo wa watu wanne, "wengine wote" ndio wenye kazi kubwa. Wape waigizaji wawili hodari wa Uvira nafasi hiyo: sasa mvuta kamba, sasa mpiga kasia, sasa ng'ombe aliyegoma mlimani, sasa mama mwenye ndagala anayeona mzungu akitoka majini amelowa na kuuliza njia.

Vifaa vipo: benchi ndiyo mtumbwi, mabeseni mawili ndiyo Mimi na Toutou, vitenge juu ya viti ndiyo Mitumba. Kigumu ni barua ya Rosenthal, maana lazima iandikwe jukwaani, mbele ya mapadri, akina mama na watoto waliokaa mstari wa kwanza.