Kilimanjaro Baada ya Kahawa: Utalii Nao Unahitaji Ushirika

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, fedha za familia za Wachagga zilitoka kwenye mibuni iliyopandwa chini ya migomba ya vihambani, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba. Karo ililipwa kwa kahawa, na nyumba za bati zilijengwa kwa kahawa. Leo kijana wa Marangu, Machame au Umbwe anayetafuta kipato hukimbilia lango la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro. Wengi huyaeleza mabadiliko haya kama habari ya hoteli mpya na barabara za lami, lakini kiini chake ni kingine: utalii umeshika nafasi ya kahawa bila kurithi taasisi zilizompa mkulima wa kahawa sauti. Pengo hilo ndilo linaloamua nani ananufaika na mlima huu.

Utalii haukuushika mlima kwa siku moja. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mwaka 1889, na kwa miongo mingi baadaye upandaji ulibaki shughuli ya wachache waliopitia Marangu. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, hifadhi ya taifa ikaanzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikauweka mlima katika orodha ya urithi wa dunia. Njia za Machame, Lemosho na Rongai nazo zikapata umaarufu. Katika njia ya Marangu mgeni hulala kwenye vibanda. Katika njia nyingine hulala kwenye mahema, na mahema hayo, pamoja na meza, majiko na vyakula, hupandishwa kwa vichwa na mabega ya watu. Ndiyo maana mgeni mmoja huweza kuhitaji wapagazi watatu au zaidi. Wakati ajira hizo zikiongezeka, kahawa ilikuwa ikiporomoka: makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa mauzo yalivunjika mwaka 1989, bei ikashuka, na vihamba vilivyogawanywa kizazi baada ya kizazi vikawa vidogo mno.

Tofauti ya kahawa na utalii ni umiliki. Mkulima alikuwa na mibuni yake mwenyewe, na tangu mwaka 1933 alikuwa na KNCU, chama cha ushirika kilichokusanya kahawa ya maelfu ya wakulima wadogo na kuiuza kwa sauti moja. Mpagazi hana mti wala hisa. Hulipwa kwa safari, huitwa pale kiongozi wa msafara anapomhitaji, na sehemu kubwa ya kipato chake inaweza kutegemea bakshishi. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipozuia safari za kimataifa, aliyefanya kazi bila mkataba hakuwa na pa kudai chochote. Mkulima naye aliumizwa na bei mbaya, lakini mibuni ilibaki yake.

Wapo wanaosema soko liachwe lipange malipo, kwa kuwa gharama zikipanda wageni watahamia milima mingine. Hoja hii ina uzito kwa biashara ya kawaida, lakini Kibo ina mita 5,895, na anayetaka kusimama juu ya Afrika hana kilele mbadala. Zaidi ya hayo, mlima umekwisha kuonyesha kwamba kanuni hazifukuzi wageni. Matumizi ya kuni yalipigwa marufuku, na mzigo wa mpagazi ukawekewa ukomo wa kilo 20, lakini wageni hawakuacha kuja. Mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, nao unayatambua makampuni yanayowatendea wapagazi haki, na wapo wageni wanaoyachagua kwa sababu hiyo. Haki inaweza kuwa sehemu ya thamani ya safari yenyewe.

Wengine husema mapato ya Kilimanjaro ni ya taifa zima, kwani husaidia pia kutunza hifadhi zisizojiendesha. Hilo ni kweli na ni jema, wala haifai mlima uwe mali ya wilaya moja. Hata hivyo, vijiji vya miteremkoni ndivyo vinavyopakana na msitu unaolinda vyanzo vya maji. Moto ulipowaka mlimani Oktoba 2020, wananchi na wanafunzi waliungana na askari wa hifadhi kuuzima. Kijiji kinachotarajiwa kulinda mlima kinastahili fungu linalojulikana na kutangazwa hadharani, lisilosubiri hisani ya mtu.

Kahawa ilifundisha miteremko hii kwamba mnyonge akiuza peke yake hupangiwa bei. Somo hilo litumike sasa. Wapagazi, wapishi na waongozaji wajenge ushirika wenye nguvu ya kujadili malipo; makampuni yatoe mikataba ya maandishi; hifadhi ipime mizigo bila kumwonea mtu haya, langoni na kambini; na vijiji vielezwe kila mwaka vimepata nini. Wazee wao waliweza kwa kahawa mwaka 1933, wakiwa chini ya serikali ya kikoloni. Wajukuu wao, wakiwa raia wa nchi huru, hawana sababu ya kushindwa.