"Bila leseni" kwa sheria ya nani?

Likizo zikikaribia, vijana wetu wa Mombasa na Malindi hupanga safari za bara, na Mlima Kenya ndio wanaoutaja sana. Wengine huingilia lango la Sirimon upande wa Meru, wengine hutembea misitu ya Embu. Huko simu hukata. Ndiyo maana wazazi wananiuliza kuhusu redio koli ndogo za mkononi zilizoandikwa "bila leseni".

Redio hizi hazina laini wala bando. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiza. Yeyote aliye kwenye chaneli hiyo anakusikia, kwa hivyo si chombo cha siri. Ulaya zimetengewa masafa ya megahezi 446, nguvu nusu wati, antena isiyong'oka. Marekani wana zao, za megahezi 462 na 467.

Boksi litakuambia kilomita nane au kumi. Huo ni umbali wa mahali pasipo kizuizi, mfano ngalawa mbili zinazoonana baharini. Mawimbi haya hunyooka kama mwanga wa tochi. Nchi ya Embu na Meru ni migongo na mabonde yaliyochimbwa na mito kama Rupingazi na Thuci. Aliye mgongo huu atamsikia wa mgongo ule; mmoja akiteremka mtoni, kimya, hata kama hamjaachana kilomita moja. Basi ukiita usijibiwe, tafuta karibu yako mahali palipoinuka uite tena. Na betri iwekeni ndani ya nguo, kwani baridi ya huko huimaliza upesi.

Sasa leseni. Maneno ya kwenye boksi ni ruhusa ya nchi redio ilikokusudiwa. Hapa Kenya mwenye kauli juu ya masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sheria ya mwaka 1998, na chombo chenyewe lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa. Zile redio rahisi za wati tano, zenye antena ya kung'oa, si za kundi hili kabisa. Zinaweza kuingilia masafa ya wengine, wakiwemo waokoaji wenyewe.

Kabla ya kulipa, andika jina la modeli na masafa yake, uulize ofisi ya Mamlaka iliyoko Mombasa. Na kabla ya kupanda, kubalianeni chaneli moja na saa za kuitana. Redio haichukui nafasi ya kiongozi anayeijua njia.