Mifuko 35 au 18: hesabu ya kuongeza vyumba viwili Salgaa

Ploti iko nyuma ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, upande wa chini wa mteremko wa Sachangwan, hatua chache kutoka malori yanapoegesha usiku. Mwenyewe ana nyumba tayari na anataka kuunganisha vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja futi 10 kwa 12. Ni ploti ya mfano, lakini vipimo ni vile ambavyo fundi yeyote wa eneo hili la Rongai amevijenga mara nyingi, na vinatosha kuonyesha pesa na moshi vinaenda wapi. Wengi wakisikia ujenzi wa kijani huuliza bei ya paneli za sola. Mimi ningeuliza kwanza idadi ya mifuko ya simiti.

Sababu ni stima yenyewe. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Menengai, volkano inayouangalia mji wa Nakuru, ina mtambo wa megawati 35 uliowashwa mwaka 2023. Weka balbu nne za wati 9 katika vyumba hivyo viwili na uziwashe saa tano kila usiku: mwaka mzima ni yuniti 66 tu. Hata tukiikadiria gridi kwa ukali, robo kilo ya hewa ukaa kwa kila yuniti, balbu zote zinafikisha kilo 16 na kitu kwa mwaka. Kumbuka nambari hiyo.

Sasa ukuta. Vyumba hivi vikisimama peke yavyo vinahitaji mita za mraba 55 hivi za ukuta, ukishatoa milango na madirisha. Vikiegemea ukuta wa nyumba iliyopo, zinabaki 47. Mita nane zimeokolewa bila kununua chochote, na hakuna kifaa cha kisasa kitakachokupa faida rahisi namna hiyo.

Kwa bloki za simiti za inchi 6, mita 47 zinakula bloki 590. Fundi akitoa bloki 30 kwa mfuko, hiyo ni mifuko 20. Kuunganisha bloki, ongeza mitano. Plasta ndani na nje, ongeza kumi. Jumla 35. Kwa matofali ya udongo ya kufungamana, yale ya kushindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, utahitaji karibu 1,800. Mfuko mmoja ukitoa matofali 100, ni mifuko 18, na sehemu ya mfuko mwingine kwa mstari wa kwanza.

Tazama vizuri hapo, kwa maana wauzaji wa mashine hawapendi kulisema: matofali yenyewe yamekula simiti karibu sawa na bloki, 18 kwa 20. Karibu akiba yote iko kwenye muungano na plasta, kwa kuwa matofali haya hukaa kavu juu ya mengine na uso wake ni nadhifu. Ukiyajenga halafu ukayapiga plasta ndani na nje ili nyumba ifanane na ya jirani, umeitupa sehemu kubwa ya faida. Mawe ya kuchongwa nayo yasidharauliwe. Hayana simiti ndani yake, kwa hiyo unabaki na mifuko 15 ya kuunganisha na plasta, na ukiacha upande wa nje bila plasta unashuka hadi kumi. Kama machimbo yako karibu, jiwe linashinda. Matofali ya kuchoma ningeyaacha, kwa sababu ya kuni zinazoteketea tanuruni.

Mfuko wa kilo 50 una kilo 30 hadi 40 za hewa ukaa nyuma yake, kutegemea kiasi cha klinka. Tuchukue 35. Tofauti ya mifuko 17 ni karibu kilo 600, yaani balbu zetu nne zikiwaka zaidi ya miaka 35. Kwa pesa, mfuko ukiwa shilingi 750, ni shilingi 12,750. Kwa kuta za ghorofa moja na plasta, simiti ya daraja la 32.5 yenye jivu la volkano inatosha, ya 42.5 iachie nguzo na slabu ya sakafu. Na slabu hiyo, sentimita kumi kwa resho ya moja-mbili-nne, inameza mifuko 14 hivi. Fundi akikwambia aiongeze unene "kwa usalama," muulize usalama wa nini, maana chumba hakiegeshi lori.

Kinachotafuna stima kwelikweli ni maji moto. Salgaa iko juu, usiku wa Julai unauma, na dereva aliyetoka Mombasa na mzigo hataki kuoga maji baridi. Kupasha lita 150 kwa siku, kutoka nyuzi 18 hadi 45, kunahitaji yuniti 4.7. Kwa shilingi 30 kwa yuniti, kodi zikiwemo, ni shilingi 141 kila siku. Hita ya sola ikibeba asilimia 60 ya kazi hiyo inaokoa karibu shilingi 31,000 kwa mwaka. Ukiinunua na kuifunga kwa laki moja, pesa zimerudi ndani ya miaka mitatu na miezi michache. Kiwango hicho cha asilimia 60 si changu. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilikiagiza kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, hata yale yanayoongezwa au kukarabatiwa. Kwa anayevigeuza vyumba kuwa loji ya madereva, hesabu inalipa, kuwe na askari wa kanuni au kusiwe. Kwa wapangaji wawili wanaooga kwa beseni, hailipi haraka, na ni heri pesa hiyo iende kwenye dari.

Mabati matupu huchoma mchana na kuganda usiku. Dari ya mbao za saiprasi, ambazo Elburgon na Molo wamezipasua miaka mingi, huzuia yote mawili, na mpangaji hapati sababu ya kuingiza jiko la makaa ndani, tabia ambayo imeua watu. Acha matundu ya hewa juu ya ukuta. Mabati meusi ya fasheni, sahau. Chukua rangi nyepesi.

Gata nazo usizisahau. Paa la mita za mraba 28, mvua ikiwa milimita 900 kwa mwaka, linakupa lita 20,000 hivi hata ukitoa zinazopotea. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, nayo huharibu meno ya watoto. Maji ya mvua hayana shida hiyo wala hayahitaji pampu.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, tafuta bikoni za ploti na upime umbali hadi barabarani. Barabara hiyo kuu inapanuliwa kutoka Rironi hadi Mau Summit, na ukuta ulioingia kwenye hifadhi yake utabomolewa uwe wa jiwe au wa udongo, na mifuko yake utainunua mara ya pili.